Mtoto na Lugha ya Nyumbani katika Nchi ya Upare

Mji wa Same umekaa chini ya milima ya Upare Kusini, mahali ambapo barabara itokayo Moshi kwenda Korogwe yapita karibu na reli ya Tanga, ile iliyofika Moshi mwaka 1911. Juu yake, nyuma ya vilima vikavu vya miiba, ziko nchi za Vudee, Mbaga, Chome na Gonja, zenye migomba na mashamba ya maharage na mifereji ya maji. Safari ya kutoka bondeni kwenda juu si ndefu kwa hesabu ya kilometa, lakini mtoto aifanyaye hubadilishiwa mambo mengi kwa siku moja: baridi, chakula, idadi ya watu walalao nyumbani, na jambo moja ambalo wazazi hawalitaji mara nyingi, nalo ni lugha aisikiayo tangu kuamka hata kulala. Jamaa nyingi za Kipare siku hizi zina nyumba mbili, moja ya babu na bibi mlimani, nyingine ya baba na mama mjini. Watoto wa ukoo mmoja hulelewa wengine huku na wengine kule. Wakutanapo wakati wa likizo huonekana dhahiri kwamba baadhi yao waweza kuzungumza na bibi yao, na baadhi hawawezi.

Tofauti hiyo yatoka wapi? Wengi hujibu upesi kwamba yatoka shuleni, au kwamba ni kosa la mji. Majibu hayo yana ukweli ndani yake, lakini hayatoshi, kwa kuwa katika mji ule ule wa Same, na katika shule ile ile, hupatikana watoto wa jirani wawili ambao mmoja asema Chasu vizuri na mwingine hakijui. Sababu yapasa kutafutwa ndani ya nyumba, katika jinsi watu wazima na watoto wanavyokaa pamoja na kusemeshana.

Chasu, ambacho wengine hukiandika Chathu na watu wa nje hukiita Kipare, hakikukosa watu wa kukiandika. Mmisionari Mjerumani Ernst Kotz alitoa sarufi yake mwaka 1909, na Agano Jipya lilichapishwa katika lugha hiyo mwaka 1922. Karibu zaidi na siku hizi, mwaka 1998, Abel Mreta alichapisha uchambuzi wa njeo na hali katika vitenzi vya Chasu. Lakini sarufi haimfundishi mtoto mchanga kusema, na tangu mwaka 1967, Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia madarasa yote ya shule za msingi, Chasu kimebaki bila mlango mwingine wa kumfikia mtoto isipokuwa mlango wa nyumba yake. Yanayotokea nyumbani, basi, ndiyo yaamuayo.

Ni rahisi kudhani kwamba mtoto hupewa lugha na mama yake, kama anavyopewa maziwa. Utafiti mwingi uliofanywa Ulaya na Marekani ulianza na dhana hiyo. Mwaka 1995 Betty Hart na Todd Risley walitoa kitabu juu ya jamaa 42 za mji mmoja wa Marekani, wakihesabu maneno ambayo mtoto huambiwa na wazazi wake, na wakadai kwamba watoto wa maskini husikia maneno machache mno kuliko watoto wa wenye mali. Hesabu yao ilienea duniani kote na hata leo hutajwa katika semina za malezi kana kwamba ni sheria. Mwaka 2019 Douglas Sperry na wenzake walionyesha kasoro yake: wakihesabiwa wote wamsemeshao mtoto, na yakihesabiwa pia maneno anayoyasikia yakisemwa kando yake, tofauti hiyo yapungua sana, na katika jamaa nyingine yatoweka. Mtu aliyelelewa katika boma la Kiafrika hakuhitaji kungoja mwaka 2019 ili alijue hilo.

Afrika ya Mashariki yenyewe ilikuwa imekwisha kutoa ushahidi. Robert LeVine na wenzake waliochunguza malezi ya Wakisii nchini Kenya, kwanza katika miaka ya 1950 na tena katika miaka ya 1970, waliona kwamba mama wa Kikisii hamsemeshi sana mtoto mchanga wala hamkazii macho. Humtuliza, humnyonyesha upesi aliapo, na humweka karibu na mwili. Mzungu aliyezoea kuona mama akizungumza na mtoto wa miezi mitatu angeweza kusema kwamba mtoto huyo hana bahati. Hata hivyo watoto wa Kikisii hujifunza kusema kama watoto wengine wote, maana wakisha kutambaa na kutembea huingia mikononi mwa dada na kaka zao, na humo ndimo lugha yao ipatikanapo. Habari kama hizo zimeandikwa na Elinor Ochs juu ya Samoa na Bambi Schieffelin juu ya Papua Guinea Mpya.

Katika milima ya Upare, kama kwa jirani zao Wachaga, ambao utoto wao uliandikwa kwa urefu na Otto Raum katika kitabu chake cha mwaka 1940, mtoto hana mlezi mmoja. Ana mama, ana bibi, ana shangazi, ana dada wa miaka minane ambebaye mgongoni huku akicheza na wenziwe. Mtoto huyo wa mgongoni hasemeshwi sana, lakini yupo katikati ya maneno. Husikia ugomvi wa mchezo na utani, husikia watu wazima wakipatana juu ya zamu ya maji ya ndiva, lile bwawa la kukusanyia maji ambalo humwagilia mashamba kwa mfongo, na husikia watu wakiitana kwenda kwenye msaragambo, yaani kazi ya pamoja. Maneno haya matatu yametajwa kwa makusudi. Mtoto wa mlimani hayafundishwi, wala hakuna ambaye angeona haja ya kumfundisha. Huyajua kwa sababu alikuwapo yaliposemwa, tena na watu waliokuwa na shida nayo.

Kuna desturi moja ya malezi ambayo hustahili kutazamwa zaidi kuliko inavyotazamwa, nayo ni kumtuma mtoto. Watu wengi huona kwamba kutumwa ni kazi tu, au ni adabu. Kwa upande wa lugha ni zoezi gumu sana. Mama aliyeko shambani amwambia mtoto wa miaka sita: "Nenda kwa wifi yangu, mwambie anipe jembe langu, nitamrudishia ungo wake kesho." Mtoto akifika hawezi kuyasema maneno hayo kama alivyoyasikia. Yampasa aseme: "Shikamoo shangazi. Mama amesema umpe jembe lake, atakurudishia ungo wako kesho." Katika safari ya hatua mia mbili ameanza na salamu ambayo hakuambiwa, amegeuza wifi kuwa shangazi, anipe kuwa umpe, langu kuwa lake, nitamrudishia kuwa atakurudishia, na wake kuwa wako. Kila badiliko ladai ajue ni nani asemaye na nani asikiaye, na kila mmoja ni nani kwa mwenziwe. Akikosea, akamwita shangazi yake "wifi", watu watacheka, naye hatalisahau kosa hilo maisha yake yote.

Kwa njia hiyo mtoto hujifunza sarufi na ukoo kwa wakati mmoja. Majina ya ujamaa hayasimami peke yake kama majina ya vitu. Hubadilika kwa kadiri ya mdomo uyasemao, na mtoto hawezi kuyashika kwa kukariri orodha. Huyashika kwa kupeleka ujumbe kutoka nyumba moja hadi nyingine. Haidhuru ujumbe huo uwe kwa Chasu au kwa Kiswahili, kwa kuwa lugha hizi mbili ni ndugu na zote hupatanisha viambishi kwa namna ifananayo. Lakini haja ya kuwa na nyumba nyingine ya kupelekea ujumbe haina badala.

Hapo ndipo mabadiliko ya Same yaingiapo. Jamaa iliyoteremka kutoka mlimani hupanga vyumba viwili au hujenga nyumba yake penye nafasi. Majirani ni Wapare, Wachaga, Wasambaa, Wamasai na watu waliohamishwa na kazi zao kutoka mikoa ya mbali. Bibi amebaki juu. Shangazi yuko Dar es Salaam. Watoto wakubwa wako shuleni mchana kutwa, na wengine bwenini, kwa hiyo hapana mgongo wa dada wa kumbeba mdogo. Mlezi wake ni msichana wa kazi, ambaye huenda akawa ametoka Singida au Lushoto, na Kiswahili ndicho lugha pekee awezayo kusema naye. Baba na mama husemeshana kwa Chasu wakati wa usiku, hasa katika mambo ambayo hawataki watoto wayajue. Kwa hiyo, bila ya mtu yeyote kukusudia, Chasu chageuka kuwa lugha ya siri ya wazazi, na mtoto hujifunza kwanza kabisa kwamba si yake. Ujumbe ambao zamani ungepelekwa na mtoto sasa hupelekwa na simu.

Kuwa mbali kwa baba ni habari ya zamani zaidi kuliko mji. Wanaume wa Upare walikwenda kutafuta mshahara mbali tangu enzi ya wakoloni, na nyumba zikabaki mikononi mwa wanawake. Wakati wa mgogoro wa kodi iitwayo mbiru, mwaka 1945, maelfu ya wanaume waliteremka wakakaa Same kuidai serikali ya kikoloni ifute kodi hiyo. Na mwaka 1946 wanawake wa Upare wenyewe waliandamana, wakidai shauri limalizwe ili waume zao warudi nyumbani. Isaria Kimambo ameyaeleza mambo ya mbiru kwa kirefu katika historia yake. Kwa habari ya malezi yatosha kusema kwamba baba asiyekuwapo hakuikata lugha, maana wengine wote walikuwapo. Kinachoikata leo ni kuondoka kwa bibi na dada kwa pamoja.

Wazazi wengi wa mjini, wakiulizwa kwa nini hawasemi Chasu na watoto wao, hutoa sababu nyingine. Husema kwamba mtoto atachanganyikiwa, au kwamba Kiswahili chake kitaharibika, na baadaye Kiingereza chake pia. Hofu hii si ya washamba. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 wataalamu wengi wa Ulaya na Marekani walifundisha kwamba lugha mbili humlemea mtoto, na walikuwa na majaribio ya kuonyesha. Kasoro ya majaribio hayo ni kwamba waliwalinganisha watoto maskini wa wahamiaji na watoto wenyeji wa hali bora, kisha wakailaumu lugha kwa makosa ya umaskini. Mwaka 1962 Elizabeth Peal na Wallace Lambert waliwapima watoto wa miaka kumi mjini Montreal, Kanada, wakichagua watoto wa hali moja ya maisha, wakaona kwamba wenye lugha mbili hawakuwa nyuma hata kidogo. Katika vipimo vingi walitangulia. Kuhusu kutangulia huko wataalamu bado wabishana hata leo, na yafaa hoja hiyo isitiliwe chumvi. Kuhusu madhara hawabishani tena. Mtoto wa lugha mbili huenda akawa na maneno machache kidogo katika kila lugha ikipimwa peke yake, lakini maneno yake yote yakijumlishwa hayapungui ya mwenziwe.

Lakini yapasa haki itendeke kwa upande wa pili pia. Kuna waandishi wasemao juu ya lugha za makabila kana kwamba nyumba isemayo Kiswahili ni nyumba iliyopoteza roho yake. Kauli hiyo haina msingi Same. Kiswahili huko si lugha ya kuazima. Wazazi wengi wa leo walikua nacho, na waweza kumbembeleza mtoto na kumkemea kwacho, na kumsimulia hadithi, bila upungufu. Mtoto asemeshwaye kwa Kiswahili chenye maneno mengi, na watu wengi, hana hasara ya akili. Mwenye hasara ni mtoto wa nyumba iliyonyamaza, ambamo wazazi waliacha Chasu kwa ajili ya shule na badala yake hawakuweka mazungumzo yoyote, ila amri fupi fupi na televisheni. Televisheni husema sana, lakini haimngoji mtoto ajibu wala haimtumi kwa shangazi.

Ya kwamba nyumba yaweza kuua lugha au kuihifadhi bila msaada wa serikali, mifano miwili ya karibu yaonyesha. Wa kwanza ni Kigweno, lugha ya Ugweno katika Upare Kaskazini, ambayo wataalamu huiweka katika kundi la Kichaga wala si pamoja na Chasu. Hakuna aliyeikataza. Hata hivyo Chasu kwa upande mmoja na Kiswahili kwa upande mwingine vimeingia nyumbani kidogo kidogo, hata vijana wengi wa Ugweno hawaisemi kama wazee wao. Mfano wa pili ni kinyume chake. Wambugu, wafugaji waishio katika milima ya Usambara, ambao mapokeo yao husema kwamba walikaa Upare kabla ya kuhamia huko, wana usemi wa ajabu ambao Maarten Mous aliueleza katika kitabu chake cha mwaka 2003. Viambishi na mpango wa sentensi ni vya Kibantu, karibu sana na Chasu; lakini wana akiba kubwa ya maneno, mengi yakiwa ya asili ya Kikushi na mengine ya Kimasai, wanayoweza kuyatia katika viambishi hivyo badala ya maneno ya kawaida. Wameacha sarufi ya wahenga wao, wameshika maneno. Watu hawa hawakuwa na shule wala kitabu cha maneno hayo. Walikuwa na wazee waliotaka watoto wao wajulikane kuwa ni Wambugu, wakayasema mbele yao kizazi baada ya kizazi.

Tofauti ya mifano hii haiwezi kuelezwa kwa wingi wa wasemaji, maana Wambugu ni wachache. Yaelekea zaidi kwamba yatokana na jambo ambalo wazazi huliamua bila kujua kwamba wanaamua: ni maneno gani mtoto anatazamiwa kuyajibu. Kusikia peke yake hakutoshi. Wako watoto wengi wa Same wanaokielewa Chasu chote asemacho bibi, na humjibu kwa Kiswahili kila mara. Wengi wao walijaribu kusema zamani, wakakosea, wakachekwa. Wapare ni watu wapendao utani, na mjomba hudhani kwamba anamchangamsha mtoto anapoigiza jinsi alivyotamka neno. Mtoto wa miaka minne huvumilia. Mtoto wa miaka kumi hunyamaza, na akinyamaza hivyo likizo mbili, lugha humtoka mdomoni hata ikiwa bado imo masikioni.

Tangu Desemba 2021 Tanzania ina Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, nayo hutaja mambo matano: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, fursa za ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Neno lililochaguliwa kwa jambo la tatu ni zuri kuliko pengine waliolichagua walivyokusudia. Kwa desturi, kuitikia ni wajibu wa mtoto. Mkubwa huita, mdogo huitikia "Abee" au "Naam", na asiyeitikia huonekana hana adabu. Programu hiyo yaligeuza neno na kuweka wajibu wa kuitikia juu ya mkubwa. Mary Ainsworth alipozitembelea jamaa 26 karibu na Kampala mwaka 1954 na 1955, kazi aliyoichapisha mwaka 1967, aliona kitu cha namna hiyo: watoto waliokuwa na utulivu, waliothubutu kwenda mbali kidogo na mama na kurudi bila hofu, mara nyingi walikuwa watoto wa wale mama walioweza kueleza habari zao kwa urefu, jinsi walavyo, wanavyolala, na kilichowaliza jana. Mama hao walikuwa wamewatazama watoto wao. Mtu hawezi kumwitikia asiyemtazama, na hilo halina lugha yake.

Lakini mtoto ana wa kumwitikia zaidi ya mmoja, na kwa mtoto wa Kipare baadhi yao ni wazee ambao Kiswahili chao ni cha sokoni na kanisani au msikitini. Bibi wa namna hiyo aweza kumwuliza mjukuu wake kwa Kiswahili kama ameshiba. Hawezi kumweleza kwa Kiswahili jinsi babu yake alivyokuwa, wala kumtuliza usiku aotapo ndoto mbaya kwa maneno aliyowatulizia watoto wake mwenyewe. Ayajaribu, yanakuwa machache, kisha anyamaza. Kinachopungua hapo ni mtu mmoja katika idadi ya watu ambao mtoto angewakimbilia.

Jambo hili huonekana vizuri Desemba, watu wa Same na wa Dar es Salaam wanapopanda mlimani. Katika jamaa moja yenye watoto wanne, wa kwanza, aliyezaliwa kabla ya kuhama, au aliyelelewa na bibi mwaka mmoja au miwili wakati mama akianza kazi, hukaa jikoni akipika makande na bibi na kuzungumza naye kwa Chasu bila shida. Wa pili huelewa yote na husema machache. Wa tatu na wa nne, ambao tangu kuzaliwa wamesemeshwa na ndugu zao kwa lugha ya shule, humjia dada yao mkubwa na kumwuliza bibi amesema nini. Hali hii ya wakubwa kujua na wadogo kutojua imeonekana katika jamaa za wahamiaji ulimwenguni kote. Dada huyo hufasiri, na katika kufasiri hufanya lile lile alilofanya alipokuwa akitumwa: hugeuza mimi kuwa yeye, na mwanangu kuwa mama.